Tusiwafunze vijana kubomoa mfumo kwa pupa ya programu mpya

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya kufunga shule, mwaka wa 2022, na ripoti za wanafunzi zaidi ya mia nne zilikuwa hazijachapishwa. Mwalimu Mkuu alikuwa amekwisha kuniita mara mbili. Nilipofika katika chumba kidogo kilicho nyuma ya ofisi ya karani, ambamo tarakilishi yetu ya kukokotolea alama imewekwa, nilimkuta mwanagenzi aliyetumwa kwetu na chuo chake kwa mafunzo ya miezi mitatu amesimama mbali na meza, mikono nyuma, kama mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe.

"Mwalimu, nisamehe," akaniambia. "Dirisha la kuandikia amri halifunguki. Nimelibonyeza mpaka nimechoka."

"Ulifanya nini kabla ya hapo?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimeongeza toleo jipya la Python tu."

Lile neno "tu" ndilo lililonifanya nivute kiti nikae.

Wasomaji ambao hawajapata kuhusiana na mambo haya wanivumilie kidogo. Tarakilishi ile iliendeshwa na Ubuntu 18.04, mfumo usiolipiwa wa jamii ya Linux uliotolewa Aprili 2018. Programu ya alama niliiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, nayo hutegemea maktaba iitwayo pandas, yaani mkusanyiko wa kazi za kushughulikia majedwali zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ili mimi nisianze kuvumbua jembe upya. Kijana alitaka kila ripoti iwe na chati ya maendeleo ya mwanafunzi. Wazo lilikuwa zuri, nami nilikuwa nimelikubali. Akaona kwamba pandas 1.4, iliyotoka Januari 2022, ingemrahisishia kazi. Alipoiagiza kwa nambari yake, ikakataa kuja, kwa sababu toleo hilo halikubali Python iliyo chini ya 3.8, ilhali Ubuntu 18.04 huja na Python 3.6.

Kufikia hapo kijana hakuwa na kosa. Hata hatua iliyofuata haikuwa na kosa. Aliagiza Python 3.8 kutoka ghala la Ubuntu lenyewe, ikaja, ikakaa kando ya 3.6 bila ya ugomvi. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa kila mmoja alikuwa na zizi lake. Msiba ulikuja na amri ya tatu. Alilichukua jina "python3", ambalo mfumo mzima hulitumia kuiita Python, akaligeuza lielekee 3.8. Ni kama mtu aking'oa kibao cha zahanati akakipachika mlangoni pa jirani: wagonjwa wote watapiga hodi pale, na daktari hawatamkuta.

Jambo ambalo kijana hakulijua, na ambalo sidhani aliwahi kuambiwa, ni kwamba Python ile ya 3.6 haikuwekwa kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Iliwekwa kwa ajili ya Ubuntu yenyewe. Vyombo vingi vya mfumo huo vimeandikwa kwa Python. Katika 18.04, hata lile dirisha la kuandikia amri huanzishwa na programu ndogo ya Python, na programu hiyo huhitaji vipande vilivyotengenezwa mahususi kwa 3.6. Ilipoitwa Python ikaitika 3.8, vipande havikuonekana, na dirisha likafa kabla ya kuzaliwa. Vivyo hivyo, kila mfumo ulipokagua orodha ya vifurushi vipya ulimalizia kwa kulalamika kwamba kipande kiitwacho apt_pkg hakipo. Kumbe kilikuwapo, pale pale kilipokuwa siku zote, kikimngojea mwenyewe.

Nilibonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, nikapata skrini nyeusi isiyo na madirisha, nikaingia na kulirudisha jina mahali pake. Kwa mtu ajuaye, ni kazi ya dakika tano. Kwa asiyejua, ni safari ya mjini kumtafuta fundi, na fundi wa mjini aghalabu dawa yake ni moja: kufuta kila kitu na kuanza upya, alama za muhula zikiwemo. Ripoti zetu zilichapishwa jioni ile. Sithubutu kusema zingechapishwa lini kama siku hiyo ningekuwa mgonjwa nyumbani.

Sikumkaripia kijana. Nilimwuliza tu ile amri ya tatu aliipata wapi. Akanijibu kwamba chuoni mkufunzi wao huwaandikia amri ubaoni nao wakazinakili, na kwamba karibu kila amri huanza na neno sudo. Nikamwuliza maana ya sudo. "Ni ya kufanya ikubali, Mwalimu," akasema.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Neno hilo humpa anayeliandika mamlaka ya juu kabisa katika tarakilishi, mamlaka ya kugusa na kufuta chochote. Tunawafunza vijana wetu kulitumia kama mtu anavyosukuma mlango uliokwama, kwa bega, bila ya kuuliza nani ameufunga na kwa nini. Mpaka tuurekebishe ufunzi huo, kila ofisi ndogo, kila shule na kila chama cha akiba kinachomwachia mwanagenzi tarakilishi yake kitakuwa kinacheza bahati nasibu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika programu unyemi huo una nguvu za pekee, kwa sababu nambari kubwa huonekana daima kuwa bora kuliko ndogo. Ili kuona kidonda kinakoanzia, tuseme shule ina ghala moja na makarani wawili. Wa kwanza, apt, aliajiriwa na wenye mfumo. Kila kifurushi akiingizacho hukiandika katika daftari lake: faili zake ni zipi, zimewekwa wapi, kinategemea nini, na ni nani anayekitegemea. Wa pili, pip, huleta maktaba za Python kutoka hazina ya ulimwengu mzima iitwayo PyPI, naye ana daftari lake mwenyewe. Makarani hawa hawaandikiani barua. Kila mmoja ni mwaminifu kwa daftari lake, na kila mmoja hudhani ghala ni lake.

Sasa mwite pip kwa sudo, umwagize toleo jipya la maktaba ambayo tayari imo ghalani kwa mkono wa apt. Katika Ubuntu, na katika Debian iliyo mzazi wake, ataiweka katika rafu ambayo Python huitazama kabla ya kuifikia rafu ya apt. Ile ya zamani haifutwi, inafunikwa. Daftari la apt bado linasema kila kitu ki salama. Lakini chombo cha mfumo kilichoandikwa na kujaribiwa kwa toleo la zamani huamka asubuhi na kumkuta mgeni akiitikia jina la mwenyeji. Pengine mgeni huyo atafanya kazi vizuri. Pengine atafanya kazi kwa miezi sita, kisha apt alete toleo jipya la kile chombo, na hapo ndipo ugomvi utakapozuka, wakati ambapo hakuna akumbukaye tena kilichofanywa. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa maana kosa na matokeo yake yametenganishwa na muda mrefu.

Pip yenyewe imekwisha kukiri udhaifu huu. Kuanzia toleo la 10, lililotoka tarehe 14 Aprili 2018, ukiiagiza iiondoe maktaba kama PyYAML iliyowekwa na mfumo kwa utaratibu wa zamani uitwao distutils, ili ipachike mpya, hukataa. Hueleza kwamba haiwezi kujua kwa hakika ni faili zipi zilizo za maktaba hiyo, na kwamba ingeishia kuiondoa nusu nusu. Jibu la kiungwana kama hilo ni nadra kulipata kwa mashine. Ajabu ni dawa ambayo wengi waliikimbilia: kuongeza neno la kumwambia karani apuuze kilichopo na kuweka kipya juu yake. Yaani mlinzi amekuambia hajui kama bomba lile lina maji au lina umeme, nawe unamjibu, "Basi kata tu."

Toleo hilohilo la 10 lilileta sokomoko lingine ambalo waliokuwapo hawajalisahau. Watu wengi waliambiwa na pip yenyewe kwamba kuna pip mpya, nao wakatii na kuiagiza. Pip mpya ikaja ikakaa katika folda ya mtumiaji. Lakini amri "pip" iliyowekwa na mfumo, ambayo ni mlango mdogo tu wa kuingilia, ilibaki ya zamani, nayo ilikuwa imezoea kukiita ndani kitu kiitwacho main. Katika pip 10 watengenezaji walikuwa wamekihamishia chumba cha ndani, kwa kuwa hawakukusudia kamwe watu wa nje wakiite. Mlango wa zamani ukaita, nyumba mpya ikakaa kimya. Tangu saa hiyo kila walichokiagiza kiliishia kwenye kosa lilelile la kwamba main haipatikani. Hakuna aliyekuwa ameandika msimbo mbovu. Mlango uliletwa na karani mmoja na nyumba ikajengwa na mwingine, basi.

Wala mtu asidhani Ubuntu peke yake ndiyo yenye balaa hili. Katika Red Hat Enterprise Linux 6 na nduguye CentOS 6, chombo cha kuongezea programu, yum, kiliandikwa kwa Python, nacho kilitegemea 2.6 ya mfumo. Msimamizi aliyeitamani 2.7 akaiweka mahali pa 2.6 aliipoteza yum papo hapo, na pamoja nayo akapoteza njia ya kawaida ya kujirekebisha. Alikuwa amelikata tawi alilolikalia. Red Hat walipotoa toleo la 8 mwezi wa Mei 2019 walichukua uamuzi ambao mimi nauhesabu kuwa wa busara sana: waliupa mfumo Python yake wenyewe, wakaiita platform-python, wakaiweka kando katika folda ambayo mtumiaji wa kawaida hana shughuli nayo. Ya mfumo ikawa ya mfumo na ya mtumiaji ikawa ya mtumiaji.

Upande wa Debian walifuata njia nyingine. Jamii ya watengenezaji wa Python iliukubali mwaka wa 2022 waraka wake nambari 668, ambao unauruhusu mfumo kuweka faili ndogo ya ilani kando ya Python yake. Pip ikiiona ilani hiyo husimama na kukuambia kwamba mahali hapa pana msimamizi mwingine, kisha inakuonyesha njia ya kufuata. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, ina ilani hiyo. Walioandika pip waliacha mlango wa dharura kwa mtu ashikiliaye kwamba ajua afanyalo, na jina walilolichagua ni --break-system-packages. Kwa Kiswahili ni "vunja vifurushi vya mfumo". Sijui namna nyingine ya kumwonya mtu kwa uwazi zaidi ya kumlazimisha aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba anavunja.

Na bado nimeyaona maneno hayo katika madaftari ya wanafunzi, yamenakiliwa kwa mwandiko mzuri, yamepigiwa mstari, bila ya neno moja la maelezo.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kwamba ninawafunza vijana woga wa kusasisha, na kwamba tarakilishi isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo. Hoja hiyo ni ya kweli nami siipingi. Kampuni ya Marekani iitwayo Equifax, inayoweka kumbukumbu za mikopo ya watu, iliporwa habari za watu wapatao milioni 147 mwaka wa 2017 kupitia ufa katika programu iitwayo Apache Struts. Kiraka cha ufa huo kilitolewa Machi mwaka huo. Wezi waliingia Mei. Miezi miwili ya kuzembea ilitosha.

Lakini wanaotoa hoja hiyo huchanganya mambo mawili. Kuziba ufa si lazima kupandishe nambari kubwa ya toleo. Wasimamizi wa Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, wana desturi ya kuyagandisha matoleo yaliyomo katika mfumo ulio imara, kisha ufa ukigunduliwa huchukua kiraka kutoka toleo jipya na kukishona katika lile la zamani. Nambari ya mbele haibadiliki. Huongezwa alama ndogo nyuma yake. Kwa hiyo mtu akitazama akaona nambari ya zamani asidhani kwamba kifurushi kimetelekezwa. Pengine kilishonwa juma lililopita. Amruhusu apt afanye kazi yake kila siku, na awe amepata sehemu kubwa ya usalama anaoutafuta, bila ya kumsumbua mwenyeji yeyote.

Panapohitajika toleo jipya hasa, kama chati zetu zilivyohitaji pandas 1.4, njia ipo tangu zamani. Tangu Python 3.3 ya mwaka wa 2012, lugha yenyewe huja na chombo kiitwacho venv. Humjengea mtu folda yenye amri yake ya python, pip yake na rafu zake tupu, zisizotazamana na za mfumo. Ubuntu hukiuza chombo hicho katika kifurushi cha peke yake, ingawa "hukiuza" ni neno langu la mazoea, maana hakilipiwi. Chochote ukiwekacho humo hakimgusi mtu. Ukikichoka, futa folda. Sudo haihitajiki hata mara moja, na hiyo peke yake ingetosha kunishawishi.

Kuna faida nyingine ambayo wengi huigundua kwa kuchelewa. Baadaye tuliandika programu ya pili, ya kuhesabia vitabu vya maktaba ya shule, nayo ikategemea maktaba iliyotaka pandas ya zamani kuliko ile ya ripoti. Zamani pip ilikuwa ikikuwekea ya kwanza iliyoikuta na kuacha nyingine ikiwa imevunjika, kimyakimya. Ni kuanzia toleo la 20.3, la Novemba 2020, ilipoanza kukagua mahitaji yote kwa pamoja na kugoma yasipopatana. Kugoma ni bora kuliko kunyamaza, lakini hakukupi pandas mbili. Folda mbili hukupa.

Wapo watakaouliza gharama, na swali hilo ni halali katika nchi ambayo shule nyingi huingia intanetini kwa simu ya mwalimu. Je, kila folda itapakua pandas yake upya? La. Pip huhifadhi nakala ya ilichokwisha kupakua, na folda ya pili hupata ya kwake kutoka nakala hiyo maadamu ni toleo lilelile. Nafasi ya diski ndiyo hutumika zaidi, lakini diski ya siku hizi huweza kumeza folda kumi kama hizo bila ya kubeua.

Ninaloliomba kwa wakufunzi si kubwa. Somo la kwanza la kuweka programu lianze na swali la nani anamiliki nini katika tarakilishi. Mwanafunzi aonyeshwe daftari la apt, aonyeshwe la pip, aelezwe kwa nini hayafanani. Ajenge folda ya venv kabla ya kuagiza maktaba yake ya kwanza, na aandike orodha ya alichokiweka pamoja na nambari za matoleo, kwa amri ya pip freeze, ili aweze kukirudisha. Kisha afundishwe sudo, na kabla ya kuiandika aulizwe anataka kugusa nini. Ikiwezekana, aachwe aiharibu tarakilishi moja ya mazoezi kama alivyoiharibu yule kijana wangu, na aitengeneze mwenyewe mkufunzi akiwa kando yake. Somo hilo hataliandika daftarini wala hatalisahau.

Baada ya ripoti kuchapishwa jioni ile, mimi na mwanagenzi tulibaki ofisini. Tulijenga folda kwa Python 3.8 aliyoileta yeye mwenyewe, tukaingiza pandas 1.4 ndani yake, na programu ya alama tukaielekeza huko. Alishangaa kwamba chati zilitokea na dirisha la amri bado linafunguka. Nilimpa daftari la kurasa 96, likakaa juu ya meza hadi leo, ambamo kila anayeongeza kitu katika tarakilishi ile huandika tarehe, amri aliyoitumia na sababu.

Mapema mwaka wa 2023, kabla ya msaada wa bure wa Ubuntu 18.04 kukoma Mei mwaka huo, tuliipandisha tarakilishi hadi 22.04, ambayo Python yake ni 3.10. Folda ya zamani haikuhamishika, kwa kuwa ilijengwa juu ya Python isiyokuwapo tena. Tuliifuta, tukajenga mpya, tukamsomea pip ile orodha tuliyoiandika, na kabla ya kengele ya chakula cha mchana kazi ilikuwa imekwisha. Chati alizozitaka yule kijana zipo katika kila ripoti, zikichorwa kwa pandas ambayo mfumo haujui kama ipo.